Wito wa Harambee: Tuwasomeshe Vijana Wetu Shahada ya Usimamizi wa Upishi

Ndugu waumini, wazazi, vijana na marafiki wa usharika wetu,

Kamati ya Elimu inawasalimu kwa upendo na inawaletea ombi ambalo lilijadiliwa kwa muda mrefu hata ndani ya kamati yenyewe. Vijana wetu wawili, msichana na mvulana, wamepata nafasi chuo kikuu ya kusomea shahada ya usimamizi wa upishi, na familia zao haziwezi kubeba gharama hizo peke yao. Tulipochangia masomo ya udaktari na sheria hakuna aliyehoji. Safari hii swali limeulizwa tena na tena, nalo ni la haki: kwani kupika nako kunahitaji shahada? Kwa kuwa tunaomba fedha za watu, tumeona ni wajibu wetu kulijibu kabla ya kutaja mahitaji.

Kupika hakuhitaji shahada, na wako wapishi hodari wengi ambao hawakupitia chuo chochote. Kinachohitaji miaka ya masomo ni kuwalisha mamia ya watu kila siku, hospitalini, shuleni, hotelini au kiwandani, bila kumdhuru hata mmoja na bila kuifilisi taasisi iliyokuajiri. Anayeshika kazi hiyo ni mpishi, lakini papo hapo ni mnunuzi, mtunza stoo, mhasibu, msimamizi wa wafanyakazi na mlinzi wa afya za watu asiowafahamu.

Tuanze na afya. Bakteria wengi wanaoleta magonjwa ya chakula huongezeka kwa kasi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi kifikie nyuzi 70, na kilichokwisha kupikwa kisiachwe nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2. Kanuni hiyo ni nyepesi kwa sufuria ya nyumbani. Sufuria ya lita 60 ni habari nyingine kabisa, kwa sababu sehemu yake ya katikati huchukua saa nyingi kupoa hata ikiingizwa kwenye chumba cha baridi, na mpishi asiyejua kwamba inapaswa kugawanywa kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi anaweza kuwafanya watu wengi waugue kwa chakula ambacho hakina kasoro machoni wala puani. Wanafunzi wa fani hii hufundishwa mfumo wa kuchambua hatari za chakula hatua kwa hatua, tangu kinapopokelewa mlangoni hadi kinapowekwa mezani. Mfumo huo ulianza miaka ya 1960, pale kampuni ya vyakula ya Pillsbury iliposhirikiana na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kuandaa chakula salama cha wanaanga, na wabunifu wake walitambua kwamba huwezi kupima kila mlo baada ya kupikwa, kwa hiyo inakupasa kuzidhibiti zile hatua ambazo zikiharibika hakuna marekebisho mbele yake. Leo sheria za usalama wa chakula za nchi nyingi zimejengwa juu ya wazo hilo.

Upande wa pili ni hesabu, na hapa ndipo majiko mengi yanayosifiwa kwa ladha hufunga milango. Chukulia mlo unaouzwa kwa 100: vyakula vilivyotumika ni 30, mishahara 30, pango, nishati na mengineyo 30, na faida ni 10. Mpakuaji akizidisha kidogo tu, au nyama ikinunuliwa bila kuhesabu mifupa na mafuta yatakayotupwa, gharama ya vyakula hupanda hadi 36. Mteja hatambui tofauti yoyote, lakini faida imeshuka kutoka 10 hadi 4. Msimamizi aliyesoma hupima uzito wa kilichonunuliwa na uzito wa kinacholiwa, huandika kipimo cha kila mlo, hukagua stoo kwa daftari, na hujua ni mlo upi unaoleta fedha na ni upi unaopendwa huku ukila mtaji.

Liko pia suala la upotevu, ambalo usharika unaowaombea wenye njaa hauwezi kulipita kimya. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 ya hizo zilitoka kwenye migahawa, hoteli na majiko mengine ya huduma. Kiasi hicho hupunguzwa na watu waliofundishwa kupanga manunuzi, kuhifadhi na kupakua kwa kipimo. Na kwa wanaodhani kwamba fani yenyewe imebuniwa juzi, shule ya hoteli ya Lausanne, Uswisi, ilifunguliwa mwaka 1893, na Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kikaanza kufundisha usimamizi wa hoteli mwaka 1922.

Sasa mahitaji. Karo ndiyo kubwa, lakini angalau hujulikana mapema. Kinachowakwamisha wanafunzi wa fani hii ni gharama zilizo nje ya karo, ambazo wafadhili huzisahau: makoti ya jikoni na aproni, viatu visivyoteleza, seti ya visu, kipimajoto cha chakula, vipimo vya afya kabla ya kuruhusiwa kushika chakula, na zaidi ya yote miezi ya mafunzo kwa vitendo. Miezi hiyo mara nyingi haina malipo, huwa mbali na chuo, na zamu zake huanza alfajiri au kumalizika usiku wakati usafiri wa kawaida umekwisha. Kwa maoni ya kamati, kumlipia mwanafunzi karo kisha kumwacha akwame hapo ni kuzipoteza fedha zenu. Kwa hiyo tunaomba ridhaa yenu tutenge sehemu ya kila mchango kwa ajili ya kipindi hicho.

Karo italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na hakuna fedha taslimu itakayopitia mikononi mwa familia au ya mjumbe yeyote. Kila mchango utaandikiwa stakabadhi na mweka hazina, na matokeo ya wanafunzi pamoja na hesabu za mfuko vitasomwa mbele ya usharika mwisho wa kila muhula. Ikitokea mmoja akaacha masomo, salio lake litabaki kwenye mfuko kwa atakayefuata.

Asiyeweza kutoa kwa mkupuo anaweza kuandikisha ahadi na kuitimiza kidogo kidogo kwa muhula. Tunawaomba pia wenye hoteli, migahawa na majiko ya taasisi watufikirie kwa nafasi za mafunzo kwa vitendo, hasa zilizo karibu na makazi. Wenye nia ya kutoa visu au mavazi ya jikoni tafadhali waonane kwanza na mweka hazina, kwa kuwa chuo kimetoa orodha ya vifaa vinavyokubalika na isingependeza mtu anunue kitakachorudishwa. Awamu ya kwanza ya michango itafungwa juma moja kabla ya usajili wa wanafunzi wapya.