Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024, pamoja na Maelezo Kuhusu Zile Siku Sita za Porini

Wapendwa wanachama, wachoraji, wafua shaba, wachonga malakiti (lile jiwe la kijani), wapiga picha, na ninyi wazee mliotutangulia katika kazi hii,

Nawasalimu. Taarifa hii nilitakiwa kuisoma mbele yenu Jumamosi ya tarehe 11 mwezi wa kwanza. Tulikaa ukumbini Kamalondo, hapa Lubumbashi, tangu saa nane mpaka saa kumi na nusu, watu kumi na mmoja, tukiwahesabu hata vijana wawili walioleta viti. Kwa hiyo nimeiandika ipite kwenye simu zenu, asije mtu akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Komite ilikutana kila mwezi isipokuwa wa saba na wa nane. Maonyesho ya mwezi wa tano yalifanyika, kazi 41 zikatundikwa, 9 zikauzwa. Darasa la watoto la Jumatano linaendelea, na dada anayelifundisha hajalipwa hata franka moja, tumshukuru. Tulifika kwenye vilio (misiba) vitatu. Mlango wa ghala umetengenezwa, na aliyeutengeneza anajua kwamba bado namdai bawaba moja.

Upande wa pesa. Tuliingia mwaka na dola 212. Michango ilileta 1,415, asilimia 20 yetu kwenye mauzo ya mwezi wa tano 340, na kampuni moja ya madini ilitupa 600. Jumla 2,567. Tulitumia 900 kwa kodi ya lupango (kiwanja), 480 kwa maonyesho, 190 kwa vilio, 96 kwa umeme, karatasi na usafiri mdogo mdogo, na 870 kwa safari ya porini ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu mmetaka nieleze. Zimebaki dola 31. Mweka hazina ana stakabadhi zote, isipokuwa ile ya mpishi, ambaye hajui kuandika akaweka kidole.

Kwenye daftari tuko 63. Kila mmoja dola 5 kwa mwezi, ilitakiwa tupate 3,780. Wanachama 17 wamelipa mwaka mzima, 22 wamelipa vipande vipande, na 24 hawajatoa hata mwezi mmoja. Sitataja majina. Nitasema tu kwamba barua ya malalamiko niliyoletewa mwezi wa kumi na moja ina sahihi 18, na saba kati ya sahihi hizo ni za hao 24. Mtu ana haki ya kuuliza pesa zimekwenda wapi, lakini aulize na zake.

Sasa barua yenyewe. Inasema mambo matatu: kwamba nimeua maonyesho ya mwezi wa kumi na mbili ili watu wakalale msituni, kwamba pesa za kampuni zilikuwa za maonyesho, na kwamba shamba tulilokwenda ni la shemeji yangu.

Nianze na uamuzi, kwa sababu wengine wanaueleza kana kwamba niliota usiku nikaamka nikaita Fuso. Mkutano mkuu wa tarehe 31 mwezi wa nane ndio uliokata shauri. Katiba yetu inataka theluthi moja, yaani watu 21. Tulikuwa 19 mpaka saa kumi, kisha wakaingia wawili. Kweli walikuwa wameingia kutafuta maji ya kunywa, jua lilikuwa kali, lakini ni wanachama, wamo kwenye daftari, na mmoja wao aliinua mkono bila kusukumwa na mtu. Kura 13 zilikubali, 6 zilikataa, 2 zilinyamaza. Kama wale waliobaki nyumbani wangekuja, labda ningeshindwa. Hawakuja.

Kwa nini nilileta wazo hilo? Turudi kwenye maonyesho ya mwezi wa tano. Jioni ya mwisho nilibaki peke yangu ukumbini nikihesabu. Katika kazi 41, Mamba Muntu, wale wanawake nusu samaki, walikuwa saba, kila mmoja na kioo chake na saa yake ya mkononi. Tembo wa machweo, watano. Bomba la moshi na mlima wa masalia ya shaba, nane. Mteja wetu wa zamani, anayenunua kila mwaka, alisimama mbele ya picha moja akaniuliza kwa upole: Mzee, hii si ile niliyonayo nyumbani? Nilimwambia hapana, ile ni ya mwaka jana. Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu picha ilikuwa yangu. Yule mama wa sokoni mwenye beseni la ndakala, vile visamaki vidogo vya kukaushwa, nimemchora tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Mkono unaijua njia, unakwenda wenyewe, na macho yamelala. Nani kati yenu ataniambia hajui ninachosema?

Na si mimi niliyegundua kwamba mchoraji wa mji huu hupata kazi yake nje ya mji. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyoitwa Le Hangar. Hakuwawekea vijana picha za Ulaya wazinakili. Aliwaacha watafute katika kile walichokiona na kukikumbuka wenyewe. Hapo ndipo alipotokea Pilipili Mulongoy na ndege wake, nyoka wake na samaki wake, nukta juu ya nukta. Bela aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi. Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyolala pamoja kama nyasi. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, lakini kazi za watu hao bado ndizo tunazoonyesha wageni tunapotaka kujisifu. Mtazameni ndege wa Pilipili. Mtu hachori ndege vile akiwa amekimbilia dukani kununua rangi, simu begani.

Mwanachama mmoja alinijibu kwamba zamani zile pori lilikuwa mlangoni, sasa makala (mkaa) imelikula. Ni kweli. Ndiyo sababu tulihitaji Fuso.

Katibu naye alileta utafiti uliofanywa Marekani, uliotolewa mwaka 2012. Watu 56 waliokuwa kwenye safari za porini bila simu wala kompyuta walipewa mtihani wa kutafuta neno linalounganisha maneno mengine. Waliofanya asubuhi ya siku ya nne walipata asilimia 50 zaidi ya wale waliofanya kabla ya kuondoka. Najua watu 56 si wengi, na najua ni maneno, si shaba. Lakini nilisoma mkutanoni, na hakuna aliyepinga. Waliopinga walipinga barabarani.

Tuliondoka Jumatatu tarehe 23 mwezi wa tisa, watu 14, kwa barabara ya Kasenga. Masharti yalikuwa mawili. Simu zote kwenye sanduku la chuma la mweka hazina. Na siku mbili za kwanza hakuna brashi, hakuna nyundo, hakuna kamera: kukaa, kutembea, kutazama. Simu iliyolia ndani ya sanduku usiku wa pili ilikuwa yangu, nakiri. Mama yangu alikuwa mgonjwa Likasi. Mambo ya kucheka mlicheka, yamekwisha.

Siku ya kwanza tulizungumza habari za pesa na ada za shule, kama tungekuwa mjini, ila bila viti. Siku ya pili watu walilala, wengine mpaka mchana, na kijana mmoja akasema hakuja kuwa mlinzi wa miti. Wauza makala walipopita wakisukuma baiskeli zao, kila moja na magunia manne, akajiunga nao, akasukuma mpaka mjini. Sahihi yake imo kwenye barua, ya nne kutoka juu. Tukabaki 13.

Siku ya tatu ndipo kelele zilipotutoka masikioni. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Mpiga picha wetu alianza kumfuata yule ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki, anaruka, anangoja, anaita tena, na yeye hana kamera mkononi. Alikasirika sana. Jioni alituchorea mwendo wa ndege mavumbini kwa kijiti, hatua kwa hatua, yeye ambaye hajachora tangu shule.

Lakini niruhusuni nikae kidogo kwa mzee wetu mfua shaba, yule wa Katuba. Mnajua mwisho wa kiangazi pori linavyokuwa: chini nyasi zimeungua, nyeusi, na juu miti ya miombo inatoa majani machanga kabla hata tone la mvua halijaanguka. Majani hayo hutoka mekundu. Wote tuliozaliwa huku tumeyaona, na wote tumeyapita. Mzee alikaa chini ya mti mmoja kando ya kichuguu, tawi moja mbele ya uso wake, asubuhi nzima. Nilidhani amelala. Nilipomsogelea aliniambia: Mudogo, angalia, hili si jekundu moja. Akanionyesha. Kwenye ncha jani lilikuwa na rangi ya divai, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Chini yake la machungwa. Chini tena kahawia inayoingia kijani, na mishipa bado imebaki myekundu. Tawi moja, urefu wa mkono.

Siku ya nne akachukua kipande cha shaba, akaomba nafasi kwenye moto wa jikoni. Kila mfua shaba anajua kwamba shaba ikipashwa moto hubadilika rangi, machungwa, nyekundu, zambarau, na kila mara tunaisugua ili ing'ae, maana mteja anataka ing'ae. Yeye hakusugua. Aliishika kwa koleo, akaiingiza na kuitoa, pembe hii, pembe ile, akiangalia tawi alilolichomeka ardhini pembeni. Vipande vitatu viliharibika. Mpishi alilalamika kwamba maharagwe hayaivi, na usiku huo tulikula bukari (ugali) saa nne, na maharagwe magumu. Cha nne kilikubali. Hakuna tembo, hakuna mama mwenye mtungi, nyundo imegusa kidogo tu kwenye mishipa. Mzee ana miaka arobaini kwenye kazi hii. Aliniambia rangi hizo amekuwa akizifuta maisha yake yote.

Msiseme natia chumvi. Mpaka mwisho wa mwaka, katika watu 13, kazi mpya zilizofika ofisini ni tano. Wawili wameniambia wanaendelea. Wanne wamerudi kwa tembo wao. Mmoja alisema safari ilimsaidia kulala, sawa, amelala. Mimi mwenyewe ni wa kumi na tatu, nina turubai ambalo halijaisha na sitalizungumzia. Kama mtu anapima safari kwa kazi zilizouzwa, imeuzwa moja.

Sasa pesa za kampuni. Barua yao, ipo kwenye faili, inasema dola 600 ni za “kuendeleza kazi za wasanii”. Haisemi maonyesho, haisemi ukumbi. Nilimpigia mhusika kabla ya kuondoka, hakushika. Nikamwandikia, hakujibu. Mtu asiyejibu hajakataa. Na maonyesho ya mwezi wa kumi na mbili mnayosema nimeyaua yalikuwa hayajazaliwa: ukumbi ulitaka 700 mbele, na sisi tungetundika nini? Tembo walewale, wakiwa wamezeeka miezi saba.

Kuhusu shemeji. Shamba ni lake, sijaficha, nililitamka mkutanoni hata kama katibu hakuliandika. Alilipwa 100 kwa siku sita, wakati sehemu nyingine tuliyoulizia ilitaka 40 kwa siku. Fuso ilichukua 180, chakula 340, maturubai ya kulalia 120, dawa na vyandarua 70, mpishi 60. Jumlisheni wenyewe. Kile ambacho hamtakikuta kwenye daftari ni mbuzi wa siku ya tano, aliyetoka nyumbani kwangu, na munkoyo wa mke wangu, kile kinywaji cha mahindi, madumu mawili, na mafuta ya gari langu nilipokwenda kupatazama mahali mara mbili. Sikuomba kurudishiwa. Naandika tu ili ijulikane.

Lipo kosa ninalolikubali: niliwapa taarifa ya safari siku tisa tu kabla, na akina mama wenye watoto wadogo hawakuweza kujipanga. Walikwenda wawili tu. Mwaka huu tutaangalia.

Kwa mbele, tunatumaini Mungu akipenda kupata mfadhili, kutengeneza paa kabla ya mvua nyingine, na kuanza tena maonyesho mawili kwa mwaka. Wengine wanataka twende mbuga ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka kiasi cha mita 340 kwa mruko mmoja. Ni wazo zuri. Itategemea gari, barabara, na hizo dola 31.

Mkutano wa uchaguzi ni Jumamosi tarehe 22 mwezi wa pili, saa nane, ukumbi uleule. Wapo walioniomba niendelee, sijawajibu. Asiyelipa hapigi kura, kifungu cha tisa, na mweka hazina atakuwa mlangoni na daftari. Kipande cha shaba cha mzee kiko ofisini, ukuta wa dirishani, hakiuzwi kwa sasa. Anayetaka kukiona aje kabla ya saa kumi na mbili, maana jioni umeme unakatika na kwenye giza ni bati tu.

Mwenyekiti
Lubumbashi