Risala kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kikundi cha Hifadhi ya Maji na Udongo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlio meza kuu, wataalamu wa maji na kilimo, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Risala yetu ina jambo moja tu: namna fedha za umma za kuhifadhi maji na udongo zinavyopangwa na kutolewa. Zikipangwa vizuri, hata zikiwa chache hufanya kazi kubwa. Zikipangwa vibaya husombwa na mvua moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye hekta moja huleta lita 300,000 za maji. Ardhi yenye majani na matandazo hunywa sehemu kubwa ya maji hayo, na ndiyo yanayolisha chemchemi wakati wa kiangazi. Ardhi tupu huyaachia yateremke. Yakiondoka na milimita moja tu ya udongo wa juu, unene ambao jicho halitambui, hekta hiyo imepoteza mita 10 za ujazo, takriban tani 13. Tope hilo hujaza bwawa, huziba machujio na kuongeza kiasi cha shabu kinachohitajika kusafisha maji. Kwa vyovyote umma utalipa, ama mlimani kabla ya mvua, ama bwawani baada yake, na tope la bwawani halitolewi kwa majembe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mfereji wa kontua, yaani unaofuata mstari wa usawa kwenye mteremko, ambao wataalamu wa udongo duniani huuita kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu, huchimbwa kwa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Udongo hurushwa upande wa juu uwe tuta, ukiachwa ukingo wa sentimita 15 hadi 30 ili usiporomoke kurudi mferejini. Mita 100 za mfereji huo ni mita 36 za ujazo. Tukikadiria mita 2 za ujazo kwa mtu mmoja kwa siku, hizo ni siku 18 za kazi, na majani ya kushikilia tuta bado hayajapandwa. Bajeti inayoandika "uchimbaji wa matuta" bila hesabu hii huishia katikati ya shamba.

Upimaji nao mara nyingi hausikiki kwenye bajeti, wakati ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fremu A ni kifaa rahisi cha kutafuta usawa wa ardhi, chenye umbo la herufi A: miguu miwili inayoachana mita 2, ufito wa kukaza katikati, na jiwe linaloning'inia kwa uzi. Kabla ya kuitumia, isimamishwe, iwekwe alama uzi unapogusa ufito, kisha igeuzwe ili kila mguu ukae pale pale ulipokuwa mwenzake, iwekwe alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili. Fremu ikianguka au msumari ukilegea, alama hiyo haiaminiki tena na lazima irudiwe. Kosa la sentimita 2 katika kila hatua, likielekea upande mmoja, hufika mita nzima kwa mfereji wa mita 100. Maji hukimbilia ncha ya chini, hupasua tuta na kuchonga korongo mahali ambapo halikuwepo. Siku moja ya mafunzo ya upimaji, iliyolipiwa, ingezuia hasara hiyo.

Kwenye makorongo, yanayotibiwa kwa vizuizi vya kupunguza kasi ya maji, kutoa nusu ya fedha ni sawa na kutotoa. Kanuni ni kwamba mdomo wa kizuizi cha chini ulingane na kitako cha kile cha juu yake. Korongo la mita 200 lenye mteremko wa asilimia 10 linahitaji vizuizi 20 vya kimo cha mita 1. Vikijengwa vinane kwa kutawanywa, maji hupata mwendo katika mapengo na kufukua misingi. Kila kizuizi kichimbiwe nusu mita ndani ya kingo zote mbili, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo, na mbele yake pawe na sakafu ya mawe ya kupokea maporomoko. Fedha zisipotosha makorongo mawili, limalizwe moja, tena baada ya kutibu mashamba yaliyo juu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwaka wa fedha una kalenda yake na mvua ina yake. Mifereji huchimbwa kiangazi, kitalu huanza miezi kadhaa kabla ya mvua, miche hupandwa ardhi ikishalowa vizuri. Fedha zikiingia mvua zikielekea ukingoni, miche hupandwa ili taarifa ikamilike, kisha jua huimaliza. Na kwa kuwa malipo huhesabiwa kwa miche iliyopandwa, kwenye karatasi mradi huo umefaulu.

Ziko jamii zilizolipatia jambo hili chanzo cha kudumu. Mwaka 1984 wapiga kura wa jimbo la Missouri, Marekani, waliidhinisha kodi ya mauzo ya moja ya kumi ya asilimia moja, inayogawanywa nusu kwa nusu kati ya hifadhi za jimbo na kazi za udongo na maji. Jiji la Quito, Ekuado, lilianzisha mfuko wa maji mwaka 2000, unaochangiwa na sehemu ya mapato ya ankara za maji na kupelekwa kwenye vyanzo vilivyo mlimani. Anayekunywa maji bondeni anamlipia anayeyalinda juu, na haki ndiyo hiyo.

Tunaomba basi fedha zitoke angalau miezi mitatu kabla ya mvua. Tunaomba asilimia 15 ya kila mradi ibaki kwa ukarabati wa misimu miwili inayofuata, maana tuta lililobomoka hatua moja likizibwa kesho yake ni kazi ya saa moja, likiachwa ni kazi ya upya. Tunaomba sehemu kubwa ya malipo ya miche isubiri ihesabiwe iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza.

Nasi tutapima matokeo hadharani. Baada ya kila mvua kubwa itatekwa chupa ya lita moja ya maji, mahali pale pale mtoni, ilale usiku kucha bila kutikiswa. Asubuhi tabaka la tope litapimwa kwa rula, na kipimo kibandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na hesabu ya fedha zilizotumika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.