Shaba ya Solwezi haianzi safari kwenye reli

Mhariri,

Kila inapochapishwa habari ya ushindani wa bandari za Dar es Salaam na Lobito, Angola, katika kusafirisha shaba ya Zambia, hoja huwa kilomita: TAZARA, reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina 1,860, reli ya Benguela ndani ya Angola ina 1,344, basi Lobito imeshinda. Hesabu hiyo inausahau mji wenyewe unaogombewa. Solwezi, palipo na mgodi wa Kansanshi, haina reli. Njia ya treni iliyo karibu iko Chingola, karibu kilomita 170 kwa barabara.

Kwa hiyo shaba ya Kansanshi hupanda lori tangu getini, na ikishapanda haina sababu ya kushuka Chingola. Kuishusha kunataka foklifti, yadi yenye ulinzi na behewa linalosubiri. Behewa lisipokuwepo, mzigo unalala na pesa ya mwenye mali inalala nao. Msafirishaji huona heri aende moja kwa moja hadi Nakonde, avuke Tunduma.

Shaba yenyewe ni mzigo wenye hila. Tani 27 ni mita za ujazo tatu tu, hivyo kontena la futi 20 huonekana tupu ilhali limeshiba uzito. Mafungu yakirundikwa katikati, sakafu inaelemewa. Yakisogezwa upande mmoja, kundi la ekseli linazidi kwenye mizani hata kama lori zima halijafika kikomo cha tani 56. Behewa huvumilia zaidi. Treni ya mabehewa 20, kila moja likibeba tani 40, inaondoa barabarani malori kama 27 ya tani 30.

Wengine wanaitaja SGR, reli mpya ya kisasa ya Tanzania. Hiyo ina upana kati ya vyuma vyake viwili wa milimita 1,435 na haielekei Zambia kabisa. TAZARA, reli ya Zambia na ile ya Benguela zote zina milimita 1,067, ndiyo maana behewa la Chingola linaweza kufika Dar es Salaam kupitia Kapiri Mposhi bila mzigo kuhamishwa.

Hapo ndipo naona mpango wa reli mpya ya takriban kilomita 800, kutoka Luacano nchini Angola hadi Chingola, unaandikwa vibaya, kana kwamba ni msiba kwetu. Reli hiyo ikijengwa na kuhudumia migodi ya mkoa wa Kaskazini-Magharibi wa Zambia, uliko Solwezi, itakuwa imeifikisha shaba Chingola ikiwa tayari kwenye behewa. Kutoka hapo inaweza kugeuzwa upande wowote.

Waandishi wako wawaulize TAZARA mambo matatu: vichwa vingapi vya treni vinafanya kazi leo, behewa linachukua siku ngapi kwenda Copperbelt, mkoa wa Zambia ilipo Chingola, na kurudi, na linarudi Zambia na mzigo gani. Behewa linalorudi tupu humfanya mwenye shaba alipie safari mbili, wakati lori hurudi Zambia na mzigo wa wateja wengine.

Msomaji,
Tunduma