Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya: kabla hujatia saini na mshauri wa mfuko

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mombasa. Nakuandikia kuhusu karatasi ambayo pengine bado haijafika mezani kwako, nayo ni mkataba wa mshauri atakayeajiriwa kuwekeza pesa za mfuko wa utajiri wa taifa, yaani akiba ya nchi inayowekezwa. Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa mfuko huo Desemba 2025, pamoja na ule wa miundomsingi, na maneno mengi niliyoyasikia tangu hapo yamehusu pesa zitakakotoka. Mafuta, madini, hisa za serikali zitakazouzwa. Mimi naomba tuzungumze kuhusu pesa zitakakopitia.

Ni mdhamini niliyechaguliwa na wanachama katika mpango mdogo wa pensheni. Si mwanasheria wala si mwanauchumi. Lakini kazi hii hukufundisha kuisoma taarifa ya mwaka kuanzia nyuma, kwenye ukurasa wa ada, kabla ya kufika kwenye picha za mwenyekiti na maneno matamu ya ukurasa wa kwanza. Nimeufuata mtindo huohuo kusoma habari za mifuko miwili ya Afrika iliyogombana na washauri wake, na nilichokiona kimenifanya nishike kalamu.

Nianze na Angola. Mwaka 2012 nchi hiyo ilianzisha Fundo Soberano, mfuko wake wa utajiri wa taifa, kwa dola bilioni 5 za mafuta. Mwaka uliofuata José Filomeno dos Santos, mwana wa rais aliyekuwa madarakani, akawa mwenyekiti wa bodi. Kazi ya kuwekeza ikapewa Quantum Global, kampuni ya Jean-Claude Bastos de Morais yenye makao yake Uswisi. Bwana huyo na mwenyekiti walikuwa marafiki, tena walikuwa wameshirikiana kuanzisha benki mjini Luanda. Takriban dola bilioni 3 kati ya zile 5 zikaishia chini ya usimamizi wake, sehemu kubwa katika mifuko saba iliyosajiliwa Mauritius.

Hapa ndipo ukurasa wa ada unapoanza kusema. Angola ilikuja kulalamika kwamba mshauri alikuwa akilipwa kati ya asilimia 2 na 2.5 kila mwaka, na kwamba hesabu ilipigwa kwa pesa zilizotengwa, hata zile zilizokuwa zimelala benki zikisubiri mradi. Mheshimiwa, piga hesabu mwenyewe. Asilimia 2 ya dola bilioni 3 ni dola milioni 60. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka, ziwe zimezaa au hazijazaa. Mshauri anayelipwa hivyo ana haraka gani ya kutafuta mradi mzuri? Atakaa tu, na ada itamfuata alipo.

Novemba 2017, nyaraka zilizovuja na kuitwa Paradise Papers zikaonyesha upande wa pili. Baadhi ya pesa za mfuko zilikuwa zimeelekezwa kwenye miradi ambayo mshauri mwenyewe alikuwa na maslahi ndani yake, mmojawapo ukiwa bandari ya Caio kule Cabinda. Yeye alikana kufanya kosa lolote, na alisema maslahi hayo yalijulikana. Huenda ni kweli yalijulikana. Bodi ambayo mwenyekiti wake ni rafiki yako itakosaje kujua?

João Lourenço aliingia madarakani Septemba 2017, na Januari 2018 akamwondoa mwana wa mtangulizi wake. Aprili mwaka huo mfuko ulikwenda Mahakama Kuu ya London na kupata amri ya kuzuia mali ya thamani ya dola bilioni 3, kabla upande wa pili haujasikilizwa. Mauritius nako akaunti zikafungwa na leseni zikasimamishwa. Kwa muda ilionekana kama Angola imeshinda. Kisha mshauri akaja na mawakili wake, na jaji wa London akaifuta amri ile. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba Angola haikumweleza jaji wa kwanza mambo yote muhimu aliyostahili kuelezwa, hata yale yaliyokuwa yakiudhoofisha upande wake. Anayekwenda kortini peke yake, mwenzake hayupo, anatakiwa aseme na yale yanayomuumiza.

Pesa zilirudi kwa njia nyingine. Septemba 2018 Bastos alikamatwa Luanda akawekwa rumande. Machi 2019 akaachiliwa baada ya makubaliano, na serikali ikatangaza kwamba imerejeshewa dola bilioni 2.35 pamoja na mali nyingine ya karibu dola bilioni 1. Wengi walishangilia. Mimi nilisita. Mwanamume anasaini makubaliano ya mabilioni akiwa rumande: hiyo ni njia ambayo singependa nchi yangu iitegemee, kwa sababu leo anayefungiwa ni mtu tusiyempenda na kesho ni mwingine. Mkataba ungekuwa umeandikwa vizuri tangu siku ya kwanza, mfuko ungemwondoa mshauri kwa barua ya ukurasa mmoja na kuchukua chake.

Kisa cha Libya ndicho kinachonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu huko walishindwa kabisa, tena mbele ya jaji aliyewasikiliza kwa wiki kadhaa.

Mamlaka ya Uwekezaji ya Libya iliundwa mwaka 2006, baada ya vikwazo vya kimataifa kuondolewa na nchi kujikuta na pesa nyingi kuliko watu wa kuzisimamia. Wenye benki wakamiminika Tripoli. Kati ya Januari na Aprili 2008 mamlaka hiyo ilinunua kutoka Goldman Sachs mikataba tisa iliyofungamanishwa na bei za hisa za kampuni kama Citigroup na EDF ya Ufaransa, kwa takriban dola bilioni 1.2. Hawakununua hisa zenyewe. Walilipia haki ya kufaidika endapo bei ingepanda. Isipopanda, kile walicholipa kinayeyuka. Mwaka ule ule masoko ya dunia yakaanguka. Mikataba ilipofika mwisho wake 2011 haikuwa na thamani hata ya senti.

Libya ilishtaki. Ilisema watu wake walikuwa wageni katika biashara hii na walimwona mtu wa benki aliyekuwa akiwatembelea kama mshauri wao. Aliwafundisha, akawaandikia, akawakirimu kwa safari. Mdogo wa naibu mkuu wa mamlaka alipewa nafasi ya mafunzo ya kazi katika benki hiyo. Kortini yalisimuliwa hadi ya Dubai, ya hoteli na ya wanawake waliolipiwa, mambo ambayo siwezi kuyaeleza zaidi katika barua ya heshima. Oktoba 2016 Jaji Vivien Rose alitoa hukumu: Libya imeshindwa. Uhusiano ule, alisema, haukuvuka ule wa kawaida kati ya benki na mteja wake, na mafunzo ya yule kijana hayakuwa ndiyo yaliyoifanya mamlaka inunue. Kwa ufupi, waliyemdhani mshauri alikuwa muuzaji.

Huku pwani tunamjua dalali wa viwanja. Anakukaribisha chai, anakuita ndugu, anakuonyesha mipaka kwa kidole, na wewe unaamini yuko upande wako mpaka siku unapogundua kwamba mwenye kiwanja ndiye anayemlipa. Ukienda kushtaki, utaulizwa: ni wapi paliandikwa kwamba alikuwa akikufanyia kazi wewe?

Swali hilo, Mheshimiwa, ndilo lililoigharimu Libya, na jibu lake linatakiwa liwe kifungu cha kwanza cha mkataba wenu. Kiandikwe kwa maneno ambayo hata hakimu wa Lodwar atayaelewa: huyu ni mshauri wetu, ana wajibu wa mdhamini kwa mfuko, yaani kutanguliza maslahi ya mfuko kabla ya yake, haruhusiwi kutuuzia bidhaa yake wala ya jamaa yake, na hapokei hata shilingi kutoka kwa anayetuuzia. Akivunja hilo, anarudisha faida yote, hata kama sisi hatukupata hasara. Bila maneno hayo, kampuni yoyote kubwa itakuja na kijikaratasi chake chenye herufi ndogo kinachosema kwamba kila upande ulijiamulia wenyewe, na sisi tutatia saini huku tukitabasamu mbele ya kamera.

Msidhani ni woga wa bure. Mamlaka hiyohiyo ya Libya ilikuwa na kesi nyingine, dhidi ya Société Générale ya Ufaransa, kuhusu dola milioni 58.5 zilizolipwa kampuni ya Panama kwa kazi ya ushauri ambayo Libya ilisema haikuwa ushauri bali mlango wa hongo. Kesi hiyo ilimalizwa nje ya mahakama Mei 2017 kwa yuro milioni 963, na benki ikaeleza masikitiko yake. Mwaka uliofuata ilikubali kulipa dola milioni 585 kwa serikali za Marekani na Ufaransa kuhusu mambo hayo ya Libya. Katika nyaraka za Marekani imeelezwa jinsi ilivyofanyika: wakala alilipwa kati ya asilimia 1.5 na 3 ya kila uwekezaji, mara 14, jumla zaidi ya dola milioni 90. Kwenye vitabu vya hesabu malipo ya namna hii hayaitwi hongo. Huitwa ada ya ushauri.

Sisi wenyewe tumeshalipia saini mbaya. Mei 2014 serikali ililipa karibu shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni za Anglo Leasing, ile kashfa ya mikataba hewa ya usalama, baada ya hukumu za ng'ambo, ili njia ya kukopa kwa hati fungani ya kimataifa iwe wazi. Wakenya walikasirika, wabunge walipiga kelele, na pesa zikaenda. Hasira haibadilishi kifungu cha mkataba kilichokwisha kutiwa saini.

Ajabu ni kwamba dawa tunayo nyumbani. Sheria ya Mafao ya Uzeeni ya 1997 inaulazimisha hata mpango mdogo kama wetu kumtenganisha anayewekeza na anayetunza mali. Meneja huagiza, benki ya utunzaji hushika, na wadhamini huwatazama wote wawili. Katika mkutano wetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya kuhesabu mizigo bandarini maisha yake yote aliinua mkono akamuuliza meneja: ada hii unaihesabu kwa thamani ya mwanzo wa robo mwaka au ya mwisho? Meneja akafungua faili, akafunga, akafungua tena. Soko la hisa lilikuwa limeshuka katika miezi ile, na ada ilikuwa imepigwa kwa thamani ya mwanzo. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilirudishwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na yule mzee alikuwa daftari letu siku ile. Mfuko wa taifa zima utakuwa na nani wa kuuliza swali la namna hiyo, ikiwa mkataba umefungiwa kabatini?

Najua hoja ya usiri itakuja, kwa sababu huja kila mara. Mkataba wa reli ya SGR ulifichwa kwa miaka, mpaka wananchi wakaenda Mahakama Kuu hapa Mombasa na mwaka 2022 ikaamriwa nyaraka zitolewe. Kifungu cha 35 cha Katiba, cha haki ya kupata habari, kipo, cha 201 kinataka uwazi katika pesa za umma, na cha 227 kinataka ununuzi wa haki na wa wazi. Sioni mkataba wa mshauri una siri gani ya usalama. Hatuombi kujua kesho mfuko utanunua hisa zipi. Tunaomba kujua mshauri analipwa nini, kwa hesabu ipi, na anafukuzwa vipi.

Kuhusu ada, msimamo wangu ni mkali kidogo, na wataalamu wako huenda wakaniona mshamba: alipwe kwa pesa iliyokwisha kufanya kazi, isiyofanya kazi asiipatie kitu, na asilimia ishuke kadiri mfuko unavyokua. Kusimamia bilioni 3 si kazi mara tatu ya kusimamia bilioni moja. Kuhusu ugomvi, usuluhishi ufanyike Nairobi. Tuna kituo cha kimataifa cha usuluhishi kilichoundwa kwa sheria ya 2013, tusikubali kuburutwa Geneva kwa kuwa tu ndivyo fomu ya kampuni inavyosema. Na pawe na kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi fupi bila faini, kwa sababu serikali hubadilika na bodi hubadilika, na mshauri asije akawa ndiye pekee asiyebadilika.

Jambo moja la mwisho linahusu bodi. Rafiki, mshirika wa biashara au jamaa wa mjumbe yeyote asiwe mshauri, hata akiwa ndiye bingwa wa Afrika nzima. Mabingwa wako wengi.

Ombi langu ni dogo. Rasimu ya mkataba huo iwekwe kwenye tovuti ya Wizara siku 30 kabla ya kutiwa saini, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na jedwali la ada na majina ya wamiliki halisi wa kampuni itakayoteuliwa. Mkifanya kikao cha maoni ya umma Mombasa nitahudhuria, na yule mzee wa bandarini nitakuja naye. Ana maswali kuhusu robo mwaka.

Wako mtiifu,
Mdhamini wa wanachama, Mombasa