Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uokoaji Baharini wa Kujitolea Chini ya Serikali

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum. Kazi kubwa ya kamati mwaka huu ilikuwa moja: kuandika waraka wa kuiomba serikali iunde huduma ya uokoaji baharini inayoendeshwa na watu wa kujitolea, chini ya Walinzi wa Pwani. Sheria ya 2018 iliyowaunda walinzi hao tayari inawapa jukumu la kutafuta na kuokoa, na kituo cha kuratibu uokoaji cha Mamlaka ya Ubaharia kiko hapa hapa Mombasa. Kinachokosekana ni boti yenye mabaharia waliofunzwa, inayotoka Tudor, Mtongwe au Nyali mara mwito unaposikika chaneli 16, ile ya redio ya bahari inayotumika kuomba msaada. Mkasa wa feri ya Mtongwe, Aprili 1994, uliua watu 272 palepale kivukoni.

Tuliangalia jimbo la Queensland, Australia, ambako vikundi vya kujitolea viliunganishwa kuwa Marine Rescue Queensland, iliyoanza tarehe 1 Julai 2024 chini ya polisi wa jimbo. Mpango huo una faida dhahiri: mafunzo ya aina moja na utaratibu mmoja wa redio. Lakini boti zetu zimenunuliwa kwa michango ya watu wa mitaani, na kamati haikubali zihamishiwe serikali kwa barua tu ya kurasa mbili. Waraka unataka zibaki mali ya chama na serikali izikodi kwa mkataba wenye muda. Bima nayo imlipie anayeumia kazini, na imlinde nahodha akishtakiwa kwa chombo kilichoharibika kikivutwa.

Mafuta ndiyo yatakayoikwamisha huduma hii mapema kuliko jambo lingine. Boti ya mashine mbili za nguvufarasi 60 huchoma lita 40 au zaidi kwa saa ikienda kasi yote. Kanuni ni theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba. Kama kila safari itangoja sahihi ya ofisini, boti italala gatini usiku wa Jumamosi huku watu wanazama. Tunataka akiba ya mafuta kila kituo, ihesabiwe baada ya safari. Na mapipa yajazwe: pipa nusu tupu huvuta unyevu wa usiku, maji hutuama chini, mashine huzimika kwenye mlango wa mwamba. Kichujio cha mafuta chenye bakuli la kuonea kimwagwe maji kabla ya kila kutoka.

Katika mafunzo, udhaifu mkubwa ni kuvuta chombo. Upepo wa kusi ukivuma huku maji yakipwa, mawimbi mlangoni huwa mafupi na yaliyosimama, na hapo ndipo kamba hukatika. Tumieni kamba ya nailoni, kwa sababu hunyumbuka. Irefusheni mpaka vyombo viwili vipande wimbi kwa pamoja. Kimoja kikipanda huku kingine kinashuka, kamba hulegea kisha hushtuka kwa nguvu. Msifunge kwenye pete ya omo (mbele) ya ngalawa, itang'oka na ubao wake. Zungusheni kwenye mzizi wa mlingoti. Watu wote wahamie kwenye boti ya uokoaji kwanza. Mmoja akae tezi (nyuma ya boti) na kisu mkononi, tayari kuikata kamba, na kamba iliyolegea ishikwe, isiingie kwenye rafadha (panga za mashine).

Anayepokea mwito aulize kwa mpangilio huu: mko wapi, mko wangapi, kuna shida gani, mmevaa jaketi? Idadi ndiyo husahaulika, na bila idadi hakuna anayejua wakati wa kusitisha utafutaji.

Hesabu za mwaka zimeambatishwa na mweka hazina atazieleza.

Nakala za waraka ziko kwa katibu. Mwenye marekebisho, hasa kwenye kifungu cha umiliki wa boti na kile cha mafuta, ayalete kwa maandishi kabla ya kura. Kamati inaomba vifungu hivyo viwili vipigiwe kura peke yake, kila kimoja kwa wakati wake.

Mwenyekiti