Bakteria si maadui wote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ninaposikia bakteria wakizungumziwa kana kwamba wote ni adui wa kuangamizwa. Viumbe hawa wa seli moja hawaonekani bila hadubini. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliwaeleza mwaka 1683, alipokwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, akauchanganya na maji na kuona vijidudu vikienda huku na huko. Ule utando laini unaouhisi kwa ulimi asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, ndio makazi yao hadi leo.

Walio wengi hawatudhuru. Wale wa utumbo mpana hutusaidia kumeng'enya nyuzinyuzi na hutengeneza vitamini K. Wapo, ni kweli, wanaoua: kifua kikuu, kipindupindu na pepopunda vyote husababishwa na bakteria.

Kinachonitia hofu zaidi ni matumizi ya antibiotiki kutibu mafua, ugonjwa wa virusi ambao dawa hizo haziugusi kabisa. Nimemwona mzazi akimpa mtoto vidonge vilivyobakizwa na mgonjwa mwingine. Dozi ya namna hiyo huua bakteria dhaifu, wakiwamo wenye manufaa, na kuwaachia nafasi walio sugu wazaliane; na katika mazingira mazuri baadhi yao hugawanyika kila baada ya dakika 20. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu usugu huo tangu mwaka 1945. Nawasihi wauza dawa wasitoe antibiotiki bila cheti cha daktari.

Wako mwaminifu,
Msomaji