Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mchungaji naye aandikwe daftarini

Mheshimiwa Waziri,

Ukifika kwenye ranchi yoyote kubwa ukauliza ina ng'ombe wangapi, hutasubiri jibu. Daftari lipo: madume, majike, mitamba, maksai, ndama, waliouzwa, waliokufa na kilichowaua. Kila ng'ombe ana hereni sikioni au chapa pajani. Sasa ulizia wanaowachunga. Nani ana mkataba wa maandishi? Nani kachanjwa pepopunda? Fulani alipumzika lini mara ya mwisho? Hapo ndipo meneja huanza kuita watu.

Hatunyooshei kidole ranchi hata moja. Tunaitaja ranchi ya Kongwa, mkoani Dodoma, kwa sababu ya umri wake tu. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga pale. Kiangazi udongo ukakauka mpaka majembe yakavunjika, mvua nazo zikakosekana, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Ng'ombe ndio waliokuja kuirithi ardhi. Wachache hukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1947 vibarua wa Kongwa waligoma kudai ujira. Kwa hiyo suala la mfanyakazi ni la zamani kuliko ranchi yenyewe. Leo Kongwa ni moja ya ranchi zilizo chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, iliyoanzishwa 1968, na ranchi kadhaa za kampuni hiyo zimekatwa vitalu wakapewa wawekezaji. Barua hii inahusu pande zote mbili.

Tuanze na saa za kazi. Zizi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Ng'ombe hajui Jumapili. Anayechunga siku zote saba anafikisha saa 84 kwa wiki, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45. Hata ukiiondoa siku ya saba, ambayo ilipaswa kuwa ya mapumziko na ikifanyiwa kazi hulipwa mara mbili, zinabaki saa 27 za ziada kila wiki, yaani 108 kwa wiki nne. Sheria inaruhusu 50, kila saa kwa malipo ya mara moja na nusu. Saa ya chakula tusiizungumze. Mchungaji hula amesimama, macho kwenye kundi. Dawa ya hili inajulikana: kundi lenye wachungaji wawili liwe na wa tatu wa kupokezana. Bila huyo wa tatu, ratiba ya mapumziko itabaki karatasi ukutani.

Siku ya kuogesha ndiyo tunayotaka uijue kwa karibu, maana hapo ndipo watu wanapoumia bila mtu kuandika. Josho la kutumbukia la lita 15,000, kwa amitrazi (dawa ya kuua kupe) ya asilimia 12.5, linataka lita 30 za dawa, mililita 2 kwa kila lita ya maji. Dawa hutuama chini usiku, kwa hiyo ng'ombe 20 au 30 wa mwanzo hupitishwa ili waikoroge, halafu hurudishwa kuogeshwa upya. Kila mmoja akitoka huondoka na lita 2 hadi 3 mwilini, hata baada ya kusimama kwenye sakafu ya kuchuruzikia. Ng'ombe 500 wakipita, zaidi ya lita 1,000 zimekwenda, na manyoya hunasa dawa zaidi kuliko maji. Hivyo ukijaziza maji matupu, au dawa kidogo ya kukadiria kwa jicho, josho linapoa, yaani dawa inapungua nguvu. Kupe hawafi, wanazoea dawa, ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inarudi, na lawama inamwangukia mchungaji: "hukuwaogesha vizuri."

Nani anayemimina dawa ile kabla haijachanganywa? Mara nyingi ni kijana mwenye kandambili, kikombe cha plastiki mkononi. Nani anasimama kwenye mlango wa kurukia? Mwenye fimbo, na dume la kilo 400 likitumbukia, anaoga naye. Vifaa vinavyohitajika havizidi glavu ndefu za mpira, buti, aproni, miwani ya kuzuia michirizi, kopo la kupimia lenye alama, na maji safi na sabuni hatua chache kutoka joshoni, siyo kambini. Kuta za pembeni za mlango wa kurukia zikiinuliwa, michirizi mingi inarudi shimoni. Kwa kufanya hivyo unaokoa dawa pia, kama hoja ya mtu peke yake haitoshi.

Kuna jambo linalosahaulika kabisa: lebo ya kopo la dawa. Aliyezidiwa na amitrazi husinzia na mapigo ya moyo hushuka. Aliyezidiwa na dawa nyingine za kupe, za jamii ya oganofosfeti, hutokwa mate na jasho, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka. Wa pili hutibiwa kwa atropini. Wa kwanza hana dawa yake maalumu, huangaliwa kwa karibu na kusaidiwa kupumua ikibidi. Mganga wa zahanati hawezi kubahatisha, kwa hiyo mgonjwa apelekwe pamoja na lebo. Na kopo la dawa likiisha litobolewe papo hapo. Tunayajua makopo yanayogeuka ndoo za maji ya kunywa.

Upande wa uzazi, adui ni brusela, ugonjwa wa ng'ombe unaoambukiza watu pia. Jike likitupa mimba, kondo na maji yake vimejaa vimelea, na anayevuta ndama kwa mikono mitupu, kucha zikiwa na michubuko, huvichukua. Baadaye anapata homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya kiuno na magoti. Anapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha anaambiwa ni uchovu. Tiba halisi huchukua angalau wiki 6, na dawa ni zaidi ya moja. Hata chanjo ya brusela iitwayo S19, inayochomwa mitamba, ina vimelea hai, kwa hiyo mchanjaji akijichoma sindano kwa bahati mbaya aende hospitali siku hiyohiyo na aseme amejichoma nini. Glavu za kufika begani, shimo la kuzikia kondo, kipimo cha brusela mara moja kwa mwaka kwa kila anayezalisha. Akikutwa nao, tukio liripotiwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama ugonjwa wa kazini, badala ya kumpa nauli ya kurudi kwao. Mchango wa mfuko huo ni wa mwajiri na haukatwi kwenye mshahara.

Maji: ng'ombe mkubwa kiangazi hunywa lita 40 au zaidi kwa siku, na pampu ya kisima husukuma yote kwenye birika lao. Familia za kambini huchota humohumo, baada ya midomo na kwato. Bomba la tawi likikatwa kabla ya birika, na kuwekewa koki yake na tangi dogo, limemaliza shida. Fundi mmoja, siku moja.

Ombi letu kwako, Mheshimiwa, ni kwamba mkataba wowote wa kitalu utakaosainiwa au kuhuishwa uwe na kiambatisho cha watu kama ulivyo na cha mifugo: idadi ya wachungaji kwa kila kundi, siku za mapumziko, vifaa vya joshoni, chanjo, maji ya kambi. Na afisa mifugo anayekuja kuhesabu ng'ombe aje na karatasi ya pili. Msimu wa mvua wa Kongwa huanza Desemba, na kupe huongezeka nao. Karatasi hiyo ikichapwa Oktoba, itakuwa imewahi.

Kwa heshima,
Wachungaji na mafundi mifugo wa ranchi